Ndoo ya Timbwani, Ndoo ya Magongo

Siku nilipoambiwa niongoze dua kabla ya mechi, nilijua nimeachishwa mpira.

Kwetu Timbwani, huku Likoni, timu haiingii uwanjani bila fatiha. Husimama duara, mikono wazi, na mtu mmoja akaomba kwa sauti. Mtu huyo hawi mchezaji. Huwa ni mzee wa timu, yule aliyecheza zamani akaota kitambi, mwenye kofia na kanzu, ambaye mechi ikianza huketi kwenye kiti cha plastiki akalaumu kila mtu. Sasa mimi nimevaa jezi, viatu nimefunga, soksi nimezivuta mpaka magotini, na kocha ananigeukia mbele ya wote, aniambia, "Yakhe, leo tuombee wewe." Ningefanyaje? Dua haikataliwi. Niliomba upesi upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni, nikafuta uso, na hapo nikamsikia akisoma majina ya wanaoanza. Jina langu halikuwamo.

Huyo kocha ni rika langu. Tulianza pamoja, mimi beki wa kati, yeye kiungo, tukila chungwa moja wakati wa mapumziko. Goti lilimtoa mapema, akachukua filimbi. Mechi ilipokwisha nilimfuata nyuma ya ukuta wa madrasa, nikamuuliza nimekosa nini.

"Hujakosa kitu," akasema. "Ni umri tu. Wewe sasa ni mzee wetu. Kaa nasi huku nje, uwaelekeze vijana."

"Nani mzee?"

"Haya, si mzee. Mtu mzima."

"Na wewe je?"

"Mimi nilikubali zamani," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Afadhali angenitukana, ningepata la kumjibu. Arubaini sijafika bado, na wallahi sina haraka nayo. Nilivua jezi pale pale, nikamtupia begani, nikaenda zangu kifua wazi mpaka nyumbani, watu wakinisalimia njiani na mimi naitikia bila kuangalia ni nani.

Baada ya hapo sikukalika. Mimi ni fundi wa friji, kazi yenyewe ni ya kuinama na kusikiliza mashine, inataka mtu aliyetulia, na mimi ikifika Alhamisi tayari miguu inanipwita. Jumapili ndiyo ilikuwa balaa. Nilikuwa naamka alfajiri, naswali, nafagia uani, nafungua feni ambayo haijaharibika, naifunga. Mke wangu aliniangalia akimenya viazi vya bajia, akasema, "Wewe bwana, kiti kina miiba? Keti, unanitia kizunguzungu." Nikiketi, kelele za uwanjani zinanifikia kutoka ng'ambo ya nyumba. Goli likifungwa najua ni letu au si letu kwa namna watu wanavyopiga mayowe. Nikajikuta nimesimama tena, kijiko mkononi, sijui nilikuwa nakwenda wapi.

Nina sahibu yangu Kisauni, winga wa zamani, amehama timu kila msimu tangu timu yake ya mtaa ilipomwambia apumzike. Leo yuko kwa hawa, kesho kwa wale, nilikuwa namcheka. Nilimwona kama mgonjwa anayehama kutoka kwa mganga huyu kwenda kwa yule, akitafuta atakayemwambia kwamba haumwi. Nilipompigia simu mwenyewe kumuuliza kama anajua timu inayotaka beki, alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Karibu chamani, yakhe." Kisha akaniambia jambo la maana, kwamba kuna timu Magongo, kule Changamwe, beki wao amepata kazi Mariakani na hawana mtu.

Nikahama. Kwenu huenda lisiwe jambo. Kwetu mtu wa Likoni kwenda kuchezea Changamwe, na nywele zishaanza mvi, ni habari ya kuzungumzwa barazani wiki nzima. Wapo walioniuliza kama nimegombana na mtu. Wapo walionipa pole, kama nimefiwa. Mke wangu yeye alisema, "Wenzio wa rika lako wanatafuta shamba Kwale, wewe watafuta timu."

"Nicheze msimu mmoja tu," nikamwambia.

"Na ukikataliwa?"

"Nikikataliwa Magongo, natundika njumu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Umeapa, nami nimesikia," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Kocha wa Magongo ni mtu wa Kaloleni, mkimya, anatafuna kijiti cha mswaki kutwa nzima. Alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi viatuni. Akaniambia kuna mechi mbili za kirafiki kabla ya ligi ya mtaa kuanza. Nikisimama vizuri, msimu mzima ni wangu. Nisiposimama, tutapeana mikono tuachane kwa wema. Nilimshukuru kwa kunena waziwazi. Basi ikawa mambo yangu yote yamening'inia hapo, kwenye hizo mechi mbili.

Nilikuwa nakwenda mazoezini kwa pikipiki, kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, maana foleni ya feri siiwezi. Mimi na kusubiri hatupatani. Kule Magongo uwanja ni vumbi na kokoto, matrela yanapita kando kwa kando, na wachezaji ni watu wa kila mahali. Kuna Wagiriama, kuna Wakamba, kuna vijana wa bara wanaofanya kazi kwenye yadi za makontena, wanazungumza Sheng yao ambayo kwangu ni mvua tu juu ya bati. Siku ya kwanza waliniita buda, yaani mzee. Siku ya pili wakaniita babu. Kipa, kijana mrefu kutoka magharibi, anayekaa kwenye chumba kimoja Port Reitz, alinijia mbele ya wote, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Shikamoo! Uwanjani! Mimi nimevaa bukta! Nilitaka kumzaba kofi. Nikaitikia marahaba, sauti ikiwa nyembamba kwa hasira, maana salamu nayo haikataliwi. Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, na baadaye nilikuja kujua kwamba hakuwa na mzaha. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba watu wa pwani ukiwakosea salamu wanakuona huna adabu, na yeye aliogopa kunikosea.

Sasa hili niacheni nilieleze vizuri maana ndilo lililoniponza. Upande wa mama yangu ni Wamvita wa asili, na sisi ulimi wetu ni ule ule wa mabibi. Njia kwetu ni ndia. Njaa ni ndaa. Na mtu ukimwita aje, humwambii njoo, wamwambia ndoo. Nayo ndoo ya kutekea maji ni ndoo vilevile, na katika maisha yangu yote sijaona mtu akiitwa akaleta maji. Beki wa kati kazi yake nusu ni mdomo. Mpira mrefu ukija, ukiona wewe huuwahi ila kipa anauwahi, wampigia kelele atoke. Timbwani nilikuwa napiga "Ndoo!" na kipa anaruka kama mshale. Makipa wamebadilika, Wadigo, Waduruma, hata mmoja Mluo, wote waliruka. Sikujua kwamba ni lugha. Nilidhani ni mpira.

Mechi ya kwanza tulicheza na timu ya jirani, na nasema kweli, nilisimama. Nusu ya kwanza hakuna mtu aliyepita. Nilikuwa nasoma mpira kabla haujapigwa, najiweka tu pale utakapoangukia, na wale vijana wakiona nimefika bila kukimbia walianza kunitazama kwa macho mengine. Hata buda iliwatoka kwa heshima kidogo. Nilikuwa na furaha ya kitoto, naona haya kuisema.

Kipindi cha pili, bado kidogo mechi imalizike, mpira mrefu ukapigwa kutoka kwao. Nikaupima. Wangu haukuwa, wa kipa ulikuwa, waziwazi. Nikageuka nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Ndoo! Ndoo! Ndoo!"

Kipa akasimama. Akanitazama usoni kwa huruma. Kisha, Mungu wangu, akageukia benchi, akapunga mikono yote miwili, naye akapiga kelele, "Ndoo! Mzee ameumia! Leteni ndoo!" Mpira ukadunda mbele yake, mshambuliaji wao akausukuma wavuni taratibu, hana wa kumsumbua. Nami nikiwa nimesimama mdomo wazi, mtu wa huduma ya kwanza akanifikia mbio na ndoo yake na sponji yake, akanimwagia maji ya barafu kichwani, akaanza kunikanda goti.

"Ondoka!" nikamwambia. "Ondoka, nani kakuita?"

"Si umeita, mzee?"

Watu waliokuwa pembeni walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Nilimwendea kipa, maji yananichuruzika masikioni. "Nilikwambia ndoo!"

"Ndiyo, mzee. Nikaita ndoo."

"Si ndoo ya maji! Ndoo! Ndoo wewe!"

"Mimi ndoo?" akauliza, amechanganyikiwa kabisa, na nikaona hata nikieleza nazidi kuharibu.

Kumbe kule kwao mchezaji akianguka huita hivyo, wenzake wakamwitia, ndoo ije. Huo ndio utaratibu wao. Lakini kicheko si kitu, kicheko hupita. Kilichonikata maini ni kocha. Yeye hakucheka. Alinipa taulo, akatoa kijiti mdomoni, akasema polepole, "Mzee, kama umechoka, inua mkono tu. Usiite maji na mpira unachezwa."

"Sikuchoka! Nilikuwa namwita kipa!"

"Kwa kuita ndoo?"

Nikamweleza. Ndia, ndaa, ndoo, yote. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mdeni. Akasema sawa, tutaona mechi ya pili. Nilijua haniamini. Machoni mwake mimi nilikuwa mtu mzima aliyeishiwa pumzi, akaona haya, akatunga Kiswahili.

Nilifika nyumbani na hasira zangu. Mke wangu aliposikia alilia machozi kwa kucheka, akajishika mbavu, akaomba nirudie sehemu ya goti. "Basi si useme njoo," akasema alipopata pumzi.

"Mimi! Niliyezaliwa na Kiswahili kinywani, nikafunzwe Kiswahili Magongo?"

"Wataka kufunza Kiswahili au wataka kucheza mpira?"

Wiki ile nilijaribu. Nikiwa chini ya friji za watu nasema njoo, njoo, njoo, mpaka mwenye duka moja akaniuliza naita nini. Kwa utulivu naweza. Tatizo mtu hatulii mpira ukiwa hewani. Mazoezini kila nikigutuka, ndoo hiyo inatoka. Nilijichukia. Nikaanza kulala vibaya, nageuka huku na huku, naona msimu wangu unaondoka kwa ajili ya herufi moja.

Ni kipa aliyenitoa hapo. Alinikuta nafungua pikipiki baada ya mazoezi, akaja pembeni, akasema, "Mzee, wewe usibadilike. Mimi ndio nitazoea."

"Utazoea vipi?"

"Niite tu. Hata tukitembea. Niite."

Basi tukawa tunafanya kichekesho. Yeye anasimama golini, mimi naupiga mpira juu, nikisema "Ndoo!" anatoka. Mara ya kwanza alichelewa, anafikiri kwanza. Baadaye akaacha kufikiri. Nikamfunza na upande wangu wa mkataba, kwamba akitoka asitazame mtu, atazame mpira tu, kwa sababu mimi niliyemwita ndiye nitakayemzibia njia mshambuliaji. Anayeita anabeba dhamana. Kipa akishatoka na kuruka, mbavu zake ziko wazi, uso wake uko wazi, hana wa kumlinda ila beki wake. Aliitikia kwa kichwa, akarudi golini, akaniambia nipige tena. Ilipofika Ijumaa alikuwa akisikia sauti yangu tu ashatoka. Nilimpenda kijana yule, sioni haya kusema. Mwanangu mwenyewe hanisikilizi hivyo.

Mechi ya pili ilikuwa na timu yenye mbio, vijana watupu. Wao hawakunipa nafasi ya kusoma kitu. Kila mpira ulikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimekwisha kabla ya mapumziko lakini nilifunga mdomo, nikawa napumulia puani ili kocha asione kifua kinavyopanda. Tulipata bao letu moja kwa kona. Tukaanza kulilinda. Nilimwita kipa mara kadhaa, akatoka kila mara, akaudaka kila mara, na kila alipoudaka nilimtazama kocha nione kama anaelewa sasa. Nilitaka sana anielewe.

Mwishoni ukaja ule mpira. Mrefu, kati yangu na goli. Mshambuliaji wao alikuwa bega kwa bega nami. Nikaupima, nikaona ni wa kipa, na nilipima sawa, hata leo nasema nilipima sawa. "Ndoo!" nikaita. Akatoka bila kusita, macho juu, hamtazami mtu, kama nilivyomfunza. Nami nikageuka kwenda kuziba njia.

Miguu haikuja.

Sijui nieleze vipi. Haikuumia, haikuteleza. Niliituma na haikwenda. Yule kijana alinipita upande ule ule niliopaswa kuuziba, nikanyoosha mkono nikashika hewa, na goti lake likamkuta kipa usoni, kipa akiwa hewani na mpira keshaukumbatia. Nilisikia ule mlio. Alianguka chali na mpira hakuuachia.

Refa alimpa mshambuliaji kadi, watu wakamzomea, wachezaji wetu wakamvamia. Hakuna aliyenitazama mimi. Mimi nilipiga magoti kwenye kokoto, kipa mdomo umejaa damu, jino moja halipo na jingine limelegea. Alinishika jezi. Akasema, maneno yakitoka kwa shida, "Nilisikia, mzee. Nilikuja."

"Nimeona," nikamwambia. "Umekuja."

Tulishinda. Filimbi ilipolia kocha alinijia akicheka, mara ya kwanza kuona meno yake, akanipiga bega. "Ulimwita kwa wakati! Sasa nimekuelewa ile ndoo yako. Msimu ni wako, mzee." Wale vijana wakanizunguka wakinipigapiga kichwani. Nilichokuwa nakitaka tangu Timbwani kiko mkononi, na mimi nikatamani watu wote wale wanyamaze. Niliuliza kipa kapelekwa wapi.

Nilimkuta hospitali, Port Reitz, ameshonwa mdomo, ameketi kwenye benchi la ukumbini peke yake na jezi yenye damu. Ndugu hana huku. Nikaketi karibu naye. Nilitaka kumwambia kwamba yule kijana hakuwa na kosa, kwamba njia ile ilikuwa yangu na niliiacha wazi kwa sababu sikuweza kufika. Nilifungua kinywa, akaniwahi.

"Umepata namba?"

"Nimepata."

Akafurahi, akajaribu kucheka, nyuzi zikamzuia. Akaniambia daktari amempa wiki mbili, lakini kwa akili yake yeye angerudi kabla. "Ligi tunaanza na wale wa Kisauni. Wana mbio kushinda hawa," akasema, akifuta mate kwa kitambaa. "Lakini hakuna shida. Wewe niite tu. Ukiita, mimi natoka. Siangalii mtu."

Huku kwetu ipo inshallah ya kweli, na ipo ile tunayompa mtu tusiyeweza kumwambia hapana, na kila mtu wa pwani akiisikia anajua ni ipi. Nilimtazama uso wake uliovimba, jicho moja limeanza kufunga.

"Inshallah," nikasema.

"Poa, mzee," akajibu. "Tumeelewana."